Msemaji wa Pande Zote Mbili

Jumamosi za utoto wangu zilinuka pasi ya makaa. Mama alikuwa akinyoosha shati jeupe la baba juu ya meza ya kulia, na baba alisimama nyuma yake na fulana, midomo inamchezacheza, mkono mmoja ukipunga hewani. Ukimwuliza anafanya nini, anakujibu bila kugeuka, "Natafuta ng'ombe."

Ng'ombe hatukuwa nao. Tulikuwa na kuku wawili na bata mmoja mkorofi aliyekuwa akimfukuza kila mgeni uani. Lakini baba alikuwa msemaji wa dote, yaani wa mahari, na msemaji wa dote asiye na ng'ombe kichwani bora abaki nyumbani.

Kwetu Bujumbura, kijana akitaka kuoa, familia mbili zinakaa kwenye viti zikitazamana, na katikati inaachwa nafasi ya kupita. Kila upande una mtu mmoja wa kusema. Mwingine akifungua mdomo ni aibu ya ukoo mzima, hata bwana harusi mwenyewe anatakiwa akae kimya aangalie viatu vyake. Msemaji wa upande wa kijana anaomba, msemaji wa upande wa binti anakataa, wanachokozana, wanakumbushana mababu waliokunywa mtungi mmoja, wageni wanacheka hadi wanamwaga vinywaji. Mwishoni anatolewa ng'ombe. Anasifiwa pembe, anasifiwa maziwa, inaelezwa alivyovuka mto kuja hapa, mpaka unageuza shingo kumtafuta. Na ng'ombe huyo hayupo. Mambo yote yalikwisha wiki mbili kabla, jikoni, kati ya wajomba wawili na shangazi mmoja mkali. Baba alimwita ng'ombe wa mdomo. Alikuwa na kundi zima la hao.

Mtaani kwetu hakuna aliyemfikia. Na hakuwa na upande. Wiki hii anasemea kijana, wiki ijayo anasemea binti. Mara moja alisemea mvulana wa familia fulani, na mwezi uliofuata akakaa kiti cha pili akawachachafya watu wale wale kwa niaba ya familia nyingine. Walicheka wakamwongezea kinywaji. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa, na hasira zangu tangu zamani hukaa karibu, nikamkabili njiani tunarudi.

"Papa, mwezi uliopita ulisema wale ni watu wema. Leo umesema ni wachoyo. Kweli ni ipi?"

"Kweli iko jikoni, mama," akaniambia. Baba aliniita mama siku zote. "Mbele ya watu ni heshima tu."

Nilikubali, kwa sababu alikuwa amenishika mkono na alikuwa ananukia pasi na sabuni.

Mama hakuwa mtu wa sherehe. Yeye alikuwa anakausha ndagala, wale dagaa wetu wadogo, kule Kajaga, kwenye mchanga wa ziwa, mahali alipokuwa akikausha bibi yangu aliyevuka kutoka upande wa Uvira. Sehemu yake ilikuwa na mawe manne ya pembeni aliyoyapaka rangi ya bluu, ili mtu asije akasema hakuona. Asubuhi anamwaga ndagala, anazitandaza kwa mkono, saa sita anazigeuza, na muda wote jicho moja liko kwenye milima ya Congo ng'ambo, maana mvua ikitoka kule haikupi nafasi ya kuuliza. Baba alikuwa na maneno yote ya nyumba yetu. Mama alikuwa na ndagala.

Lakini akitaka kumchoma baba, alijua pa kugusa. Watu wakimsifu mumewe mbele yake, alikuwa anasema, "Mi siku ya dote yangu ndiyo siku moja tu nilimuona amenyamaza. Nikasema, huyu ni mutu mupole, nitamupenda. Angalia sasa." Na baba anacheka kuliko wote.

Miaka ikaenda. Mimi nikapata kazi ya sekretari kwenye depo moja ya Zone Industrielle, si mbali na ghala ambalo baba alitunza funguo zake maisha yake yote ya kazi. Yeye akastaafu. Vijana wakaanza kukodi ma-MC wenye maikrofoni na miwani ya giza, na simu za kumwita baba zikapungua, zikapungua, zikakatika. Aliketi uani na redio tangu asubuhi. Alipungua mwili. Suruali ikawa inashikwa na mkanda tu. Nilikuwa nikitoka kazini namkuta amekaa palepale nilipomwacha, na bata, mjukuu wa yule mkorofi, analala miguuni kwake bila hata kumheshimu.

Ndiyo maana Jumanne moja niliposikia harufu ya pasi, moyo wangu uliruka. Watu wa chama walikuwa wamekuja. Walitaka mtu mzima, mwenye mdomo, anayejulikana na wote, agombee ujumbe wa baraza la komini, awe konseye. Baba alikuwa amesimama nyuma ya mama na fulana, mkono hewani.

Kabla ya kufika kwa wananchi, kulikuwa na mlango wa kwanza wa kupita: wanachama wenyewe walikuwa wakae wachague nani aingie kwenye orodha yao. Baba alishindana na bwana mmoja mwenye duka la dawa. Na wenye uzito katika kikao kile walikuwa watu wa kule juu Kiriri, wenye nyumba za kuangalia ziwa na magari ya kuwashusha. Hao walikuwa na shida moja wanayoirudia kila wakikaa: ufuko wa Kajaga. Walitaka mikahawa, viti vya kulalia, wageni wa Jumapili. Na mgeni wa Jumapili, walisema, hawezi kunywa kitu chake baridi huku ananusa ndagala.

Baba aliniletea hotuba yake ofisini saa ya chakula cha mchana, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, ili niipige kwenye kompyuta. Wenzangu walikuwa wameenda kula. Nilipiga salamu, nikapiga shukrani kwa Mungu, nikapiga sifa za wazee wa chama, halafu vidole vikasimama.

*Mchanga wa Kajaga utasafishwa. Wanaokausha samaki watatafutiwa mahali pengine.*

"Papa, wanaokausha samaki ni nani?"

"Ni watu."

"Ni mama."

Alivuta kiti akakaa karibu yangu, kama alivyokuwa akifanya zamani kunisaidia hesabu. "Sikiliza, mama. Haya ni maneno ya ndani. Wale wakubwa wanataka kuona ng'ombe, mi nawaonyesha ng'ombe. Wanajua hayupo. Nikishapita, tutakaa jikoni na wao, tutaelewana taratibu. Hakuna mutu atagusa mchanga wa mama yako."

"Na kama hawajui?"

"Mutu mukubwa vile, ameoa, ameoza mabinti, atakosa kujua maneno ya mbele ya watu ni nini?"

Aliamini. Hilo ndilo ninalotaka mjue kuhusu baba yangu, maana baadaye watu walimwita mwongo na mimi mwenyewe nilimwita hivyo. Maisha yake yote alikuwa amesema mbele ya viti viwili, na kila mara waliokuwa kwenye viti walikuwa wameshapatana. Hakuwahi kusema mbele ya watu ambao hawajapita jikoni.

Ningeweza kukataa. Niliangalia chini nikaona viatu vyake. Alikuwa amevipiga kiwi hadi kwenye kisigino, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia. Nikapiga ule mstari, nikatoa nakala mbili, na mama sikumwambia kitu.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi kule Kiriri. Nilikwenda kumbebea mkoba. Nimemsikia baba mara nyingi, lakini siku ile, sijui niseme nini. Aliusafisha ule ufuko kwa mdomo mpaka ukang'aa. Aliwaonyesha watoto wakikimbia bila kukanyaga mwiba wa samaki, meza zenye vitambaa vyeupe, upepo unaokuja na harufu ya maji matupu. Watu walicheka palepale alipotaka wacheke. Bwana mmoja wa mbele aliinua simu akawa anarekodi, na mimi, mjinga, nikafurahi kwamba baba yangu anarekodiwa. Mwenye duka la dawa alisema baada yake, na ilikuwa huruma kumsikiliza.

Walimchagua. Tulipewa lifti kushuka mjini. Kwenye kona moja ziwa lote linaonekana, na kule kaskazini ukikaza macho unaona mchanga wa Kajaga, mstari mwembamba mweupe. Baba aliutazama mpaka gari lilipokata kona.

Wiki chache baadaye kampeni za wananchi zikaanza, na baba akarudi ofisini kwangu saa ya chakula. Mstari mpya alikuwa nao kichwani, hata hakuuandika. Nilifungua ile hotuba ya kwanza kwenye kompyuta. Salamu zilibaki. Shukrani kwa Mungu zilibaki. Nilifuta mstari mmoja tu na kuweka mwingine: *Mchanga wa Kajaga ni wa mama zetu. Hakuna atakayewaondoa.* Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

"Sasa hii ndiyo kweli," akaniambia, akiikunja karatasi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefika kwake. "Ile ingine ilikuwa mulango tu."

Alisema Kajaga asubuhi, jua halijawa kali. Wanawake walisimama katikati ya ndagala zao na fagio mkononi, kwa sababu kazi hiyo haisubiri mwanasiasa. Baba alipita kati ya ndagala zilizotandazwa akiruka kama korongo, viatu vyake vinang'aa. Mama alikuwa kwenye mawe yake manne. Hakusogea mbele. Wenzake walikuwa wakimsukuma, "Mama konseye, enda basi karibu na bwana yako," na yeye anawapiga na ncha ya kitenge.

Baba alianza na mzaha, kama kawaida. Halafu akanyoosha mkono.

"Mwanamuke yule pale," alisema, "mi nililinda ghala ya watu. Yeye ndiye alilisha nyumba. Watoto yangu walisoma kwa mchanga huu. Mutu akitaka kuuondoa, aanze na mi."

Vigelegele vilipigwa hadi wavuvi wakatoka kwenye mitumbwi kuangalia nani ameoa. Mama alifunika mdomo na kitenge. Alitazama chini kwenye ndagala zake, akainama akazigeuza, na hazikuwa zimefika wakati wa kugeuzwa.

Tulirudi pamoja, yeye na mimi. Njiani alikuwa anatabasamu peke yake na kujizuia. Mwisho akaniambia, "Miaka yote anasemea watu. Anasemea hata watu hawajui kusema asante. Leo amesema upande wangu." Nilimshika mkono. Ulikuwa na magamba, na mimi nilitamani ardhi inimeze hapo hapo barabarani.

Ile rekodi ya Kiriri ilifika Kajaga siku tano baadaye. Bwana wa mbele alimtumia rafiki, rafiki akatuma kwa kundi, unajua simu zilivyo. Mwanamke mmoja wa pale mchangani akaileta kwa mama, akamshikia simu sikioni. Niliambiwa na wengine, maana mama mwenyewe hajanisimulia hadi leo. Aliisikiliza yote amesimama. Akaomba irudiwe. Halafu akamrudishia mwenye simu, akamwambia asante, akamaliza kugeuza ndagala, kwa sababu huwezi kuziacha nusu.

Nilimngojea na roho mkononi. Nilijua atapiga kelele, na nilizitaka hizo kelele zije ziishe. Hazikuja. Alioga, akapika. Wakati wa chakula akamtengea baba kwenye meza ya sebuleni, peke yake, kwa sahani ya maua ambayo hutoka Krismasi tu, na gilasi ya wageni. Akaja na beseni na jagi la maji, akapiga goti kidogo.

"Nyakubahwa," akamwambia, "karibu unawe."

Nyakubahwa ni neno la Kirundi wanaloitwa wakubwa, mawaziri na wenzao. Baba alicheka, akidhani ni utani. Mama akasubiri na jagi lake mpaka kicheko kikaisha.

Ikawa hivyo kila siku. Nyakubahwa ameamkaje. Nyakubahwa chai yake iko tayari. Anamwekea kiti cha mgeni na kitambaa juu. Hakumnyima kitu, hakumtukana, hakusema neno moja la ule mchanga. Alimtoa tu jikoni, akamweka mbele ya watu. Baba, aliyekuwa akimeza ubishi wa ukoo mzima na kuutema kicheko, alikuwa anakaa na sahani ya maua akisukumasukuma mboga za lenga-lenga pembeni.

Mimi nilimvamia uani. "Umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Papa. Mama na wale wote. Hata mi."

"Ni ng'ombe wa mdomo, mama. We unajua."

"Basi mwambie yeye."

Hakwenda. Aliiangalia redio yake ambayo ilikuwa imezimwa.

Na zamu yangu ikaja. Mama alikuwa anachambua mchele, nikakaa kumsaidia. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Zile karatasi za baba yako, ni nani alipiga?"

"Ni mi, Mama."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Alitoa jiwe moja, akaliweka pembeni na mengine. "Ulipiga vizuri. Alisoma bila kukwama."

Sijawahi kupigwa na mama yangu hata kofi moja. Siku ile nililia mpaka mchele ukaingia maji.

Uchaguzi ukapita, na orodha yao ikapita, na baba akawa konseye. Mama alikwenda kupiga kura, akarudi na kidole chenye wino, na hatukuthubutu kuuliza. Watu walikuja kupongeza. Mama aliwapa viti na Fanta, akasema Nyakubahwa anakuja sasa hivi.

Baba sasa alikuwa akilitafuta lile jiko lake la kuelewana. Maskini, alilitafuta kweli. Alipanda Kiriri mara tatu kwenda kuelewana na wale wakubwa taratibu, kama alivyoniambia. Mara ya kwanza walimpa chai. Mara ya pili walimwambia wana haraka. Mara ya tatu yule bwana wa mbele alitoa simu yake akamchezea sauti yake mwenyewe, na akamwuliza kwa upole, "Papa, si ni wewe huyu?" Alinieleza haya amekaa kwenye kiti cha ofisi yangu, kofia magotini. Alikuwa amewaza siku zote kwamba wanamwelewa.

Kiangazi kilipoingia, barua ikafika Kajaga: mchanga uachwe wazi kabla ya mwezi kwisha. Wanawake wakaitwa kikaoni palepale ufukoni waelezwe. Niliomba ruhusa kazini nikaenda.

Nilipofika nilishtuka. Wapangaji walikuwa wamechukua viti vya plastiki na kuvipanga mistari miwili inayotazamana. Upande wa kwanza, chini ya turubai, viti vya wakubwa. Upande wa pili, juani, wanawake, wengi wamekaa kwenye magunia. Katikati nafasi ya kupita. Sidhani walikusudia. Ndivyo viti vinavyopangwa kwetu, hata msibani. Lakini nilimwona baba akikaa kwenye kiti chake chini ya turubai, mstari wa mbele, na nikaona anaangalia ile nafasi ya katikati, na nikajua anaona ninachokiona mimi. Mama alikuwa upande wa pili, mbele ya mawe yake. Alikuwa amezimwaga ndagala kama siku yoyote.

Yule bwana wa Kiriri, mwenye simu, alifungua kikao. Alishukuru, akasema mambo ya maendeleo, halafu akasema, "Papa konseye atatusemea. Wazo hili alitupa yeye mwenyewe, na hakuna anayejua kusema kama yeye."

Baba akasimama. Akavuta koti. Nayajua yote anayofanya kabla ya kusema: anakohoa mara moja, anainua mkono wa kulia, anatafuta uso mmoja wa kuanza nao. Alikohoa. Mkono ukainuka nusu, ukashuka. Watu wa turubai wakaanza kutazamana.

Kwenye dote, msemaji akishakaa kiti chake hawezi kuhama. Ni kitu ambacho hakuna mtu anakifanya. Ukivuka katikati ya maneno, umemaliza kazi hiyo, hakuna familia itakuita tena hata kufungua mlango. Baba alinifundisha hivyo mwenyewe, nikiwa mtoto.

Aliinama, akakishika kiti chake kwa mgongo, akakiinua, akaanza kuvuka. Mchanga ule hautembeki na viatu vya kiwi. Alizama, akajikokota, kiti kinampiga kwenye goti, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeelewa. Wanawake wakasogeza magunia. Akakichomeka kiti kando ya mama, akageuka akawatazama wale aliowaacha.

"Kule Kiriri nilisema hawa watoke," alisema. Hakuinua mkono. "Hapa nilisema wakae. Mi nilifikiri watu wote wanajua ni maneno. Hawakujua. Ninyi hamukujua, na hawa hawakujua. Mama ya watoto yangu alinisadiki." Akatafuta neno jingine, baba yangu, mwenye kundi zima, akakosa. "Sina ng'ombe," akasema, na akakaa.

Mmoja chini ya turubai alicheka kidogo, akaacha. Mimi nilikuwa nimeshika kinywa changu kwa mikono miwili. Mama hakugeuka. Alikuwa ameangalia chini, kwenye miguu ya kile kiti.

"We," akasema, "songeza kiti. Umekanyaga ndagala yangu."

Wanawake walipasuka kicheko, na baba akaruka kama aliyeungua, akakisogeza kiti, akapiga magoti na suti yake akaanza kuokota zile zilizovunjika. Siku zote zile alikuwa Nyakubahwa, leo ameitwa we. Alikuwa analia, na nafikiri alikuwa anacheka pia.

Mchanga haukubaki. Sitawadanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Barua ilisogezwa mbele hadi mvua za kwanza, halafu ikanyooshwa kamba, wanawake wakaachiwa kipande upande wa matete ambako jua linachelewa kufika. Mawe ya mama yaliangukia ng'ambo ya kamba. Baba naye hakumaliza hata miezi mitatu. Chama kilimwomba aandike kwamba amechoka, na kiti chake akapewa mwenye duka la dawa. Ile barua aliniletea niipige. Nilimwambia aiandike kwa kalamu.

Siku ya kuhamisha mawe tulikwenda watatu. Baba alivua koti akalikunja vizuri juu ya mtumbwi wa mtu. Alibeba jiwe la kwanza kifuani, akalifikisha matete, akasimama nalo.

Mama akamwonyesha kwa kidole. Akaliweka. Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha kidogo kushoto. Akalinyanyua akaliweka kushoto. Hakuuliza, hakutania, hakusema jua wala mgongo. Akarudi kuchukua la pili, akarudi kuchukua la tatu.

"La nne mupe huyu aliyepiga karatasi," mama akasema, na mimi nikalibeba. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, na rangi ya bluu ilinibaki kwenye blauzi.

Tulipomaliza, baba alikaa mchangani pembeni ya jiwe lake la mwisho, jasho linamtoka, mikono imelala magotini, anaangalia viatu vyake. Mama alimtazama kitambo. Halafu akanisogelea, akaniegemea bega, akaninong'oneza kama msichana.

"Unamuona? Ile siku ya dote yangu, alikuwa amekaa hivi hivi."